Uno ya Kichina: inunue, lakini igeuze mgongo kwanza

Bodi inayokaguliwa hapa ni nakala ya Arduino Uno, ile bodi ndogo inayopangiwa programu ili iendeshe taa, mota na vihisi, na haina mzazi anayejulikana. Mfuko wake unasema UNO R3, mgongoni pengine pamechapwa CH340, na katika masoko ya mtandaoni ya China bei yake inacheza kati ya dola 3 na 5. Arduino Uno R3 yenyewe, yenye nembo yake, imekuwa ikiuzwa karibu dola 27. Ukiikuta nakala Kariakoo au Luthuli Avenue, nafuu hiyo imeshaliwa kiasi na nauli, ushuru na faida ya mwenye duka, lakini pengo bado ni kubwa kiasi kwamba mwanafunzi wa elektroniki hana haja ya kufikiri mara mbili.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa kujifunzia na kufanyia majaribio, inunue. Kwa kazi itakayofungwa ndani ya sanduku juu ya paa na kuachwa miezi sita bila jicho la mtu, usiifunge kabla hujashughulikia umeme unaoiingia. Sababu iko chini.

Kwanza tutenganishe maneno, maana sokoni yote huitwa "kopi". Mchoro wa Uno umetolewa wazi, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuutengeneza na kuuza, mradi ataje chanzo na mabadiliko yake ayaachie wengine kwa masharti yaleyale. Kisichotolewa ni jina Arduino na nembo yake. Massimo Banzi, mmoja wa walioanzisha mradi huo mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, aliuchora mpaka huu mwaka 2013: bodi isiyobeba jina ni nakala halali, inayobeba jina bila ruhusa ni feki. Kwa mnunuzi hili si suala la sheria tu. Anayedanganya jina hashindwi kudanganya na kipuri. Tazama fyuzi ndogo karibu na mdomo wa USB: kwenye orijino ni nyeusi na dhahabu, kwenye feki nyingi ni ya kijani. Ramani ya Italia mgongoni ikiwa imefifia kingo, na muuzaji anataka bei ya orijino, mrudishie bodi yake. Nakala isiyo na jina lolote, kwa bei ya nakala, ni biashara safi zaidi kuliko hiyo.

Sasa vipuri. Mabadiliko makubwa yako matano, na la kwanza ndilo lenye historia.

Kwenye orijino, mazungumzo kati ya bodi na kompyuta hufanywa na chipu ya ATmega16U2. Kwenye nakala pamekaa CH340G, chipu ya pini 16 kutoka kampuni ya WCH ya Nanjing. Wengi huiona kama alama ya ubovu, na hapo wanakosea. Kabla yake, kazi hii kwenye Arduino Nano na bodi za kabla ya Uno ilifanywa na FT232RL, chipu ya kampuni ya FTDI ya Scotland, na China ilijaa FT232RL za feki. Oktoba 2014 FTDI ilitoa draiva mpya (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na chipu) kupitia masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilipokutana na chipu ya feki iliibadilisha namba yake ya utambulisho ikawa sifuri, na kompyuta haikuitambua tena. Watu duniani kote waliamka na vifaa vilivyokufa ambavyo hawakujua kama vina feki ndani. Kelele zikawa nyingi, draiva ikaondolewa.

Jambo la kushangaza lilikuwa ndani ya ile feki. Wachunguzi wa Zeptobars, tovuti inayopiga picha za ndani ya chipu, walipoifungua kwa asidi na kuitazama kwa hadubini, hawakukuta mchoro wa FTDI ulioibwa. Walikuta maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) nyingine kabisa, iliyobuniwa upya na kupangiwa kuigiza tabia za FT232RL. Yaani walikuwapo wahandisi walioweza kubuni chipu nzima tangu mwanzo, kisha wakaitia sokoni kwa jina la mwenzao. Ustadi ulikuwapo, ila haukuwa na cheti chake cha kuzaliwa.

WCH ilikwenda njia nyingine. CH340 haikujifanya FTDI: ina namba yake, 1A86, na draiva yake yenyewe. Siku FTDI ilipoua feki, bodi zenye CH340 hazikuguswa hata moja. Ikilinganishwa na 16U2 ina upungufu mmoja wa kweli: 16U2 inaweza kupangwa upya ili Uno ijitambulishe kwa kompyuta kama kibodi au kifaa cha muziki cha MIDI, CH340 haiwezi. Kwa wanafunzi tisa kati ya kumi hilo halina maana.

Shida zinazosingiziwa CH340 mara nyingi ziko kwingine. Bodi ikiwaka taa lakini poti ya COM, jina ambalo Windows huipa bodi, haionekani, badilisha kebo kwanza. Kebo nyingi zinazokuja kwenye vifurushi vya bei nafuu zina nyaya mbili tu za umeme, hazina zile mbili za data. Windows 10 na 11 kwa kawaida huivuta draiva zenyewe intaneti ikiwapo, kwa hiyo kwenye maabara isiyo na mtandao pakua faili la draiva mapema uliweke kwenye fleshi. Kwenye Linux draiva iko ndani ya mfumo tayari na bodi hujitokeza kama ttyUSB0, wakati orijino hujitokeza kama ttyACM0. Anayefuata mwongozo wa orijino neno kwa neno huganda hapo. Na kwenye Ubuntu 22.04 kuna mtego wake: programu ya brltty, inayohudumia vifaa vya maandishi ya nukta nundu, huidhania CH340 kuwa kifaa chake na kuinyakua. Poti inatokea na kutoweka papo hapo. Ukiwa huna kifaa cha nukta nundu, iondoe brltty, chomoa bodi, chomeka tena.

Badiliko la pili ni kichwa chenyewe, yaani chipu inayoendesha programu yako. Orijino ya R3 ina ATmega328P ndefu ya pini 28 iliyochomekwa kwenye soketi. Ukiiunguza unaing'oa kwa bisibisi bapa, unaweka nyingine yenye butiloda tayari, ile programu ndogo inayopokea programu zako kutoka kompyuta. Nakala nyingi zina ile ndogo ya mraba yenye pini 32, iliyolehemiwa moja kwa moja. Ikiungua, bodi imekwenda. Ina faida ndogo ya kufuta machozi, kwamba pini zilizoongezeka zina njia mbili za analogi, A6 na A7, na baadhi ya watengenezaji huzitolea matundu. Kama bei ya nakala yenye soketi imezidi kidogo tu, lipa ile ziada, hasa kwa darasa la wanaoanza, ambako kuunganisha 12V kwenye pini ya 5V ni suala la lini, si la kama.

Tatu ni kipunguza umeme, na hapa ndipo bodi nyingi hufia. Orijino hutumia NCP1117, inayovumilia hadi volti 20 za kuingia. Nakala hutumia AMS1117, ambayo mwisho wake ni volti 15. Kwenye meza ya darasa, kwa adapta ya 9V, hutaona tofauti. Lakini matumizi mengi ya huku kwetu yanategemea betri ya sola ya 12V, na betri hiyo ikiwa inachajiwa hufika volti 14.4. Umebaki na nafasi ya volti isiyofika moja na nusu ukihesabu na dayodi ya mlangoni, na nyaya ndefu za pampu au taa kubwa zinapozimwa hurusha mshtuko unaozidi hapo kwa urahisi. Hata bila mshtuko, joto ni tatizo. Hesabu: 14.4 toa 0.7 ya dayodi toa 5 ni volti 8.7 zinazogeuka joto. Zidisha kwa miliampea 100 tu, ni wati 0.87 kwenye kipande kisichozidi ukucha. Kidole hakikai. Ukiongeza mota ya servo na kioo cha LCD, AMS1117 hujizima kwa joto, ikipoa huwaka, na unapata ile bodi "inayojianzisha yenyewe" ambayo watu huilaumu programu.

Dawa ni moduli ya kushusha umeme ya LM2596 kati ya betri na bodi. Iwashe peke yake kwanza, weka mita kwenye matokeo, zungusha skrubu mpaka usome 5.0V. Skrubu hizo huhitaji mizunguko mingi, kwa hiyo usikate tamaa kwenye wa tano. Kisha peleka umeme huo kwenye pini ya 5V, si kwenye VIN inayopitia kipunguza umeme cha bodi, na usichomeke USB wakati huohuo. Lakini na moduli hizi zina feki zake: LM2596 ya kweli hupiga mapigo kilohezi 150, na nyingi za bei ya kutupwa zikipimwa hupiga karibu 50, maana yake ndani ni chipu ya kizamani iliyochapwa jina jipya. Itakupa 5V, ila usiidai zaidi ya ampea moja, na ongeza kapasita ya maikrofaradi 470 upande wa matokeo.

Badiliko la nne litawashangaza wanaoabudu orijino. Kile kibati cha fedha kinachoonekana kwenye Uno R3 ya Italia ni kristali, kipande kinachopiga mapigo ya saa, ya chipu ya USB. Kichwa chenyewe hupigiwa mapigo na rezoneta ya kauri, ambayo inaruhusiwa kukosea nusu asilimia. Nusu asilimia ya siku ni zaidi ya dakika saba. Nakala nyingi zina kristali ya kweli kwa kichwa, yenye kosa la sekunde chache tu kwa siku. Soma namba mgongoni mwa kibati: 12.000 ni ya CH340G, 16.000 ni ya kichwa. Kama zote mbili zipo, bodi yako ya dola 4 inatunza muda vizuri kuliko ya dola 27. Mtengenezaji hakufanya hivyo kwa uungwana. Pengine kristali ilikuwa tu rahisi kupatikana.

La tano liko kwenye matoleo mapya yenye mdomo wa USB-C. Mdomo huo unatakiwa kuwa na resista mbili za kiloomu 5.1, moja kwa kila pini ya CC, ili chaja ijue kuna mtumiaji upande wa pili. Wengi huziruka. Matokeo: kwa kebo ya kutoka USB-A bodi inawaka, kwa kebo ya C kwenda C haiwaki kabisa, na mteja anarudi dukani akidai imekufa. Kilichookolewa ni bei ya resista mbili.

Kuhusu Nano, ndugu mdogo, mambo ni yaleyale na machache zaidi. Kupakia programu kukigoma kwa ujumbe wa "not in sync", nenda menyu ya Tools, Processor, uchague ile yenye maneno Old Bootloader. Nakala nyingi bado zinapakia kwa kasi ya 57600 badala ya 115200. Pini ya 3V3 isiaminiwe kulisha redio ya nRF24L01, kwa sababu mara nyingi imetolewa kwenye tumbo la CH340 na haina nguvu ya maana. Weka AMS1117-3.3 yake pembeni na kapasita ya maikrofaradi 10 karibu na redio. Na ukiilisha kwa USB, umeme hupita kwenye dayodi na 5V huwa kama 4.7V, hivyo vipimo vya analogi vinapotoka kwa asilimia 6. Tumia rejeo la ndani la 1.1V au pima 5V yako kwa mita uandike namba halisi kwenye hesabu.

Ikiwa hakuna butiloda kabisa, jambo linalotokea, Uno nyingine yoyote itaiweka. Pakia mfano wa ArduinoISP kwenye ile nzima, kisha weka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya hiyo hiyo. Unganisha 10 kwenda RESET ya mgonjwa, 11 kwa 11, 12 kwa 12, 13 kwa 13, pamoja na 5V na GND. Chagua Burn Bootloader. Programu itasoma saini ya chipu: 0x1E950F ni ATmega328P. 0x1E9514 ni 328 isiyo na P, inafanya kazi ila lazima uibadilishe kwenye mipangilio. 0x1E940B ni ATmega168PA, yenye nusu ya kumbukumbu, na hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tabia ya kiwanda kisicho na jina inaonekana vizuri zaidi kwenye bodi nyingine ya mitaa hiyohiyo, ile ya bluu iitwayo Blue Pill. Kanuni ya USB inataka resista ya kiloomu 1.5 kwenye waya wa D+, mmoja wa nyaya mbili za data. Blue Pill nyingi zilitoka na ya kiloomu 10 mahali palipoandikwa R10. Kosa hilo lilinakiliwa kiwanda hadi kiwanda kwa miaka, kila mmoja akichukua faili la jirani bila kulisoma, ilhali watumiaji walishaandika dawa yake: lehemu resista ya 1.8K kati ya PA12 na 3.3V. Anayenakili kwa kasi hiyo hana mtu wa kupokea malalamiko. Kichwa cha bodi hiyo, STM32F103 ya kampuni ya Ulaya ya ST, nacho hubadilishwa. Ukiisoma kwa OpenOCD, programu ya kuongea na chipu moja kwa moja, ikajibu 0x2ba01477 badala ya 0x1ba01477, aliyemo ndani si ST, hata kama jina lake limechapwa juu. Ila hapohapo China, GigaDevice ya Beijing inauza GD32F103 inayochukua nafasi ileile kwa jina lake, na kasi ya megahezi 108 dhidi ya 72. Mmoja anasugua jina la mwenzake, mwingine anaandika lake, na wote wananunuliwa na viwanda vilevile vya bodi.

Kwa nini huyo anayesugua majina hakomi? Kwenye bodi ya dola 4, anayeweka mhandisi wa kupima na mtu wa kuandika mwongozo anapandisha bei kwa senti kadhaa, na mnunuzi anayepanga orodha kwa bei ya chini kwanza hamuoni. Ndiyo maana ubunifu wa China katika eneo hili ulitoka kwenye chipu, ambako kuna kitu cha kulinda, si kwenye bodi. Espressif ya Shanghai, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Teo Swee Ann wa Singapore, iliachia ESP8266, chipu ya Wi-Fi, mwaka 2014. Moduli ya ESP-01 yenye chipu hiyo ilipotokea kwa dola chache, maelezo yake yalikuwa Kichina kitupu, na wapenzi wa elektroniki duniani ndio walioyatafsiri. Kampuni iliwasikiliza, ikatoa zana za programu, na ESP32 ikafuata mwaka 2016. Hata hivyo kiini cha chipu hizo kilikuwa cha Tensilica, teknolojia ya Marekani ya kukodi. Baadaye ESP32-C3 ilihamia RISC-V, muundo wa wazi wa kiini usio na kodi ya leseni.

Mzunguko ukakamilika mwaka 2023, Arduino ilipotoa Uno R4 WiFi. Igeuze uisome: kichwa ni Renesas ya Japani, na kando yake, kwa kazi ya Wi-Fi na USB, pamekaa ESP32-S3 ya Shanghai. Orijino ya Italia sasa inabeba Mchina kwa jina lake halali.

Kwa anayekwenda dukani wiki hii: kwa darasa, Uno ya nakala yenye soketi na CH340G iliyoandikwa jina juu (zipo zenye mgongo mtupu, ziache). Kwa kitu kinachohitaji mtandao, usihangaike kuunganisha ESP-01 kwenye Uno, maana inavuta zaidi ya miliampea 300 kwa vipindi na pini ya 3.3V ya Uno haiwezi. Nunua bodi ya ESP32 moja kwa moja. Kwa mradi wako mwenyewe unaotegemea maktaba za programu zilizozoeleka, na kwa mtu anayetaka kuchangia kazi ya waliozitunza, orijino inastahili bei yake, kwa sababu mauzo hayo ndiyo yaliyolipia programu ambayo nakala zote huitumia bure.

Na kwa anayefikiria kutengeneza bodi yake mwenyewe hapa nyumbani, angalia CH32V003 ya WCH ileile ya CH340: RISC-V ya megahezi 48, kumbukumbu ya programu kilobaiti 16, RAM kilobaiti 2, inakubali 3.3V na 5V, na kwa bei ya jumla hugharimu karibu senti 10 za dola. Maktaba zake bado ni chache na mwongozo unasomeka kwa tabu. Nunua pamoja nayo kipakiaji cha WCH-LinkE, chenye E mwishoni, kwa sababu kile cha zamani kisicho na E hakiongei na chipu hii. Waya wa data ni mmoja tu, unakwenda PD1.